Sahihi ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Leo karani wa utumishi ameniita dirishani, akanisukumia fomu ya mafao kama mtu anayerudisha chenji. "Mama, muda wako umefika," akasema. Angeweza kuchagua maneno mengine. Nikamuuliza inatakiwa lini. Kabla Aprili haijaisha, akasema, la sivyo pensheni itachelewa, na yeye hawezi kuniambia itachelewa hadi lini. Mimi naacha kazi mwisho wa Mei.

Fomu yenyewe haitishi. Vyeti, picha mbili ndogo, nakala ya barua ya kuajiriwa. Kilichonikaa kooni ni ukurasa wa pili. Hapo natakiwa nichague: pensheni kamili, niile mwenyewe na nikifa ife nami, au pensheni pungufu, ambayo nikifa mume wangu ataendelea kuipokea mpaka naye aondoke. Ukishachagua huwezi kubadili. Na uchague lolote, mume lazima atie sahihi.

Mwingine angekaa chini apige hesabu. Mimi sihitaji. Nina kivimbe kwenye titi la kushoto. Nilikigusa nikioga, siku chache kabla ya mwaka mpya, na hakuna anayejua. Daftari hili nimelinunua ili nisipasuke.

Mume wangu ni fundi cherehani. Hana mwajiri, hana mafao, ana cherehani ya miguu hapo kibarazani na macho yaliyoanza kumgomea. Nikitangulia atakula nini? Kwa hiyo nitachagua ile pungufu, na hilo halina mjadala.

Kinachonipa moyo ni nguo zangu. Nimefua mashuka ya hospitali kwa muda wa kutosha kujua kwamba ugonjwa mbaya huanza kwa kula mwili, mtu akapwaya ndani ya nguo zake. Mimi gauni la kazi linanikaa vilevile kama siku aliponishonea. Asubuhi nimejitazama kwenye kioo nikasema kwa sauti, "Bado zinanikaa." Nimekwenda kazini nikiwa na nguvu kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwonyesha fomu baada ya chakula. Ameisoma akiwa ameisogeza mbali na uso, halafu akaiweka chini ya mkasi wake mkubwa.

"Andika kamili," akasema.

"Kamili inakufa na mimi, mzee."

"Nimeona. Andika hiyo hiyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nataka mota ya cherehani. Miguu imechoka. Bora pesa nzima sasa kuliko nusu nusu ya baadaye."

Mota! Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii sijamsikia akitaja mota.

Alhamisi, 6 Machi

Mashuka ya wodi ya wazazi, damu tupu. Maji baridi kwanza, kila siku nawaambia, maji ya moto yanaipika damu. Hawasikii.

Jumanne, 11 Machi

Kwetu dobini tuna desturi yetu. Anayestaafu haondoki na aproni yake. Anaiacha kwenye msumari, na hakuna ruhusa ya kuishusha mpaka mwenyewe arudi atuambie pensheni imeingia. Hapo tunaifua, tunakunywa soda, anapewa mfanyakazi mpya. Ni jambo la kucheka, au lilikuwa la kucheka. Sasa ukutani zimebaki aproni tatu. Wenye mbili tumewazika, na wote wawili walikwenda kabla ya kuonja kitu. Ya tatu ni ya Bi Pasi, aliyekuwa upande wa kunyoosha, akaondoka mwaka juzi na hajaonekana tena. Hatuendi kuuliza. Tukifagia ukuta tunazizunguka.

Leo tukiwa tunakamua, Redio ameniinamia sikioni. Redio ni mwenzangu wa mashine ya pili, na jina hilo halikumjia kwa bahati mbaya.

"Unajua kilichompata Bi Pasi? Alikwenda kupimwa kabla fomu yake haijapita. Wakamkuta anaumwa. Fomu ikarudishwa. Ukionekana mgonjwa, shoga yangu, hawakubali umwandikie mume. Wanasema unataka kuwaibia."

"Nani kakwambia?"

"Jambo linajulikana hilo."

Nikaendelea kukamua. Basi siendi kwa daktari mpaka fomu ipokelewe. Na fomu haiendi popote bila sahihi ya mzee, naye mzee anataka mota.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua zimeanza. Mashine ya kukaushia imekufa siku hiyo hiyo, kana kwamba zimeambiana. Mashuka yametundikwa kila mahali, hadi kwenye ngazi za ghorofa, na yananuka uvundo.

Jumatano, 19 Machi

Msimamizi wetu tunamwita Filimbi kwa sababu hana mazungumzo, ana amri tu. Leo ameniondoa kwenye mashine.

"Kuanzia leo utakunja."

"Nimekosa nini?"

"Sijasema umekosa. Nimesema utakunja."

Kukunja ni kazi ya wajawazito na wenye mkono uliovunjika. Nadhani ameniona nikijishika kifua kule nyuma ya mapipa. Akienda kusema ofisini wataniita nipimwe, na nikishapimwa mzee wangu amekwisha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekunja. Filimbi ananitazama.

Alhamisi, 27 Machi

Picha za fomu. Mpiga picha amenisumbua na taa zake: "Inua uso, mama, hapa si polisi." Nilipoziona nikadhani kanipa za mtu mwingine. Mashavu yameingia ndani na macho yamekuwa makubwa. Nikajiambia ni zile taa zake.

Nyumbani mzee ameichukua picha moja, akaitazama kitambo, akailaza kifudifudi juu ya cherehani. Halafu akaniuliza kama nitakula mayai. Siku hizi kila jioni ni mayai, maziwa, na sahani yangu imejaa hadi ukingoni. Hongo hiyo. Anadhani nitanunuliwa kwa mayai ili nimpe mota.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tumegombana kweli. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na ilibidi tupige kelele, kwa hiyo hata ugomvi mdogo ungeonekana mkubwa.

Nilimwambia muda unakwisha, atie sahihi kwenye ile pungufu. Akasema hatii.

"Ukibaki peke yako utakula mota?"

"Sibaki."

"Mzee, katika watu wawili lazima mmoja abaki."

"Basi nitabaki na njaa. Wewe inakuhusu nini?"

Akageuka akaanza kukanyaga cherehani. Sindano ikawa inapanda na kushuka kwa kasi, na chini yake hakukuwa na kitambaa chochote. Alikuwa anashona hewa. Nikasimama pale, maneno yamefika kwenye ulimi: nina kivimbe, nakiogopa, nisaidie. Lakini namjua. Ningemwambia, angenibeba usiku huo huo hadi hospitali, wangeniandika kwenye jalada, na fomu ingekuwa imeharibika. Nikayameza. Badala yake nikamwita mchoyo. Nikamwambia nimeolewa na mtu anayependa chuma kuliko mke wake.

Aliendelea kukanyaga, nami nikaingia ndani nikalala na hasira ambayo nusu yake ilikuwa woga.

Jumanne, 8 Aprili

Kimekua.

Jumatano, 9 Aprili

Labda hakijakua. Labda ni vidole vyangu vinavyoogopa. Nguo bado zinanikaa, nimejaribu hata ile ya kijani ya harusi ya binti yetu. Inanikaa sawasawa.

Jumatano, 16 Aprili

Filimbi amenifuata kwenye meza ya kukunjia.

"Umepeleka fomu?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Nikamwambia cheti cha ndoa kimeliwa na unyevu, natafuta nakala. Cheti kipo, kizima kabisa. Amesimama kidogo kama mwenye neno, halafu akaondoka. Anataka nitoke haraka ampe mtu wake nafasi. Sijawahi kumwamini.

Jumanne, 22 Aprili

Jua la nusu siku. Tumekimbia na mashuka kama wezi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitaandika yote.

Leo nilibaki nyumbani kwa sababu barabara ya hospitali imejaa maji. Mzee alikuwa kibarazani anamalizia suruali ya mteja. Nikaona heri ninyooshe gauni la kazi, na kwa kuwa lilikuwa na unyevu nikaligeuza ndani nje ili pasi ianze na mishono.

Uzi ulikuwa mpya.

Gauni hilo limefuliwa kwa dawa kali mpaka rangi yake ya bluu imekaribia kuwa kijivu, na uzi wake nao ungepaswa kuwa wa kijivu. Huu ulikuwa wa bluu, unang'aa, kuanzia kwapani hadi chini, pande zote mbili. Pembeni yake kulikuwa na mstari wa vitundu vitupu vya sindano, pale mshono wa zamani ulipokuwa. Na nje ya mstari huo kulikuwa na mwingine tena. Gauni lilikuwa limebanwa mara mbili. Mwisho wa mshono fundi alikuwa amerudisha sindano nyuma mara mbili kabla ya kukata uzi, na mimi namjua mtu mmoja tu anayemaliza hivyo.

Nikaiweka pasi chini. Nikafungua sanduku. Gauni la kijani, limebanwa. Gauni la misibani, limebanwa. Sketi mbili, mpira umekatwa ukaunganishwa upya. Kila nguo niliyojaribu mbele ya kioo nikashukuru Mungu, ilikuwa imepitia mikononi mwake kwanza. Nikakaa sakafuni katikati ya nguo zangu.

Kisha nilikwenda kibarazani, nikamwekea gauni juu ya ile suruali, mishono juu. Akalitazama. Akavua miwani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka mpya. Uliinama kuokota mkasi, gauni likachelewa kukufuata. Nikaona kwamba hili si lako tena. Ulipokwenda kazini na lile la pili, hili nikalibana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kila asubuhi unasimama kwenye kioo, unasema, 'Bado zinanikaa,' na uso wako unakunjuka. Nikasema haya, nitazifanya zikukae."

"Mayai je?"

"Nilidhani utanenepa."

Nikaushika mkono wake, nikauweka pale. Vidole vyake vimezoea kutafuta pini ndani ya pindo, na havikukawia. Aliurudisha mkono magotini akaushikilia kwa mkono wa pili.

"Daktari amesema nini?"

"Sijakwenda."

"Hujakwenda?"

Nikamweleza. Maneno ya Redio, Bi Pasi, fomu iliyorudishwa. Kwamba siwezi kupimwa kabla haijapokelewa, na haiwezi kupokelewa bila sahihi yake.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "muda wote huu unaningoja mimi?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Mke wangu, mimi sikuwa na haja na mota. Mota ya nini? Cherehani ya miguu ndiyo naijua. Ile karatasi inanitaka niandike jina langu kwamba wewe utakuwa hupo na mimi nitakuwa nakula. Nikasema siandiki. Nikadhani nisipoandika..." Hapo sauti ikamkatika. Alilia kwa kelele, kama watu wasiozoea kulia. Nami nikalia, na mteja wa suruali akafika, akatuona, akarudi mvuani bila kuuliza suruali yake.

Akaniambia pia kwamba yeye ndiye aliyekwenda kwa Filimbi kumwomba nisinyanyue mashuka yaliyolowa. Alimwapisha asiseme. Yule mama ameibeba siri hiyo tangu Machi huku mimi namtukana moyoni kila siku.

Jumamosi, 26 Aprili

Ametia sahihi kwenye pensheni pungufu. Ameikandamiza kalamu mpaka alama imetokea ukurasa wa nyuma. Halafu akaenda kibarazani bila kunywa chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumekwenda pamoja dirishani. Karani amekagua vyeti, amegonga muhuri, amenipa stakabadhi. Nikavuta pumzi, nikamuuliza kwa sauti ya chini: sasa fomu imepita, naweza kwenda kupimwa bila kuiharibu?

"Kuiharibu kivipi, mama?"

"Wanasema mtu akikutwa mgonjwa fomu inarudishwa."

"Nani kasema? Hakuna sheria kama hiyo. Ugonjwa wako na mafao yako havijuani. Ungeweza kupimwa jana, juzi, mwaka jana."

Januari na Februari niliogopa tu; Machi na Aprili nilingoja bure. Mzee alinishika kiwiko mpaka getini. Pale getini akasema, "Twende sasa hivi." Tukaandikishwa kwa daktari, miadi ya Ijumaa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Pasi. Nilitaka kujua, na pia nilitaka mtu wa kumkasirikia. Nilipogonga mlango nilikuwa nimejiandaa kumpa pole mumewe.

Amefungua mwenyewe, kanenepa, mkononi ana mwiko.

"Haa! Leo mmekumbuka njia?"

Hajawahi kuumwa. Fomu yake ilirudishwa kwa sababu picha zilikuwa na kilemba, akapiga nyingine, basi. Pensheni anapokea kila mwezi.

"Sasa mbona hukurudi kushusha aproni?"

"Nirudi vipi? Wenzangu wawili wako pale ukutani hawakuonja kitu, mimi niingie nikichekelea? Niliona haya. Nikasema nitangoja mje mniulize, nikija nije nimeitwa. Hamkuja."

Tulikuwa tunaogopa kuja, nikamwambia. Akatazama mwiko wake. Nilipomweleza yangu aliuweka chini, akanikumbatia muda mrefu.

Ijumaa, 2 Mei

Daktari ni mwanamke, sauti yake ni ndogo. Amegusa, amepiga picha ya ndani, amechoma sindano kuchukua kipande. Nikiwa nimelala nililitambua shuka. Lina kiraka kwenye pembe, nilikiweka mimi. Sijawahi kulala juu yake, nilikuwa nalifua tu.

"Mngekuja mapema kidogo ningefurahi zaidi," akasema. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Redio, yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Baadaye nilimkuta kwenye beseni, analia ndani ya foronya.

Jumatatu, 12 Mei

Ni saratani. Nimeliandika neno ili nione kama naweza. Kwa walichokiona, haijasambaa mbali. Ambacho hawajakiona wataniambia wakishanipasua. Jumanne ya kwanza ya Juni, halafu dawa. Nilimuuliza daktari kama nitapona, akasema atafanya kila awezalo. Hakuniahidi, na woga wangu wote ukaingia katika ile nafasi ambayo ahadi ingekaa.

Usiku mzee amenipima, kwa tepe, waziwazi, akataja kila namba kwa sauti. Kifua. Kiuno. Nyonga. Tangu nimjue hajawahi kunisomea namba. Tuliogopa pamoja, na hilo lilikuwa afadhali.

Jumamosi, 17 Mei

Filimbi ameniletea machungwa nyumbani. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, akasema "Haya," akaondoka.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho. Mvua zimekwisha, mashuka yote yako nje, yanakauka yenyewe.

Bi Pasi amekuja, ameitwa. Amesimama kidogo mbele ya zile aproni mbili za wenzake, akazigusa, ndipo akaishusha ya kwake. Tumeifua, tumekunywa soda. Halafu zamu yangu. Nimevua aproni, nimeitundika kwenye msumari ule ule alioacha Bi Pasi. Filimbi ndiye aliyesema.

"Usipokuja tutakuja sisi. Mwezi mmoja tu ukipita. Tutagonga mlango."

"Hata kama habari ni mbaya?"

"Hata kama."

Nimefika nyumbani nikakuta gauni jipya limetandazwa kitandani, la sherehe ndogo ambayo binti yetu anaiandaa kesho. Kitambaa cha rangi ya maziwa, kola imekaa vizuri. Lakini nililisikia zito pembeni. Nikaligeuza ndani nje, siku hizi ndio mtindo wangu. Kila mshono ameuachia kitambaa cha ziada, upana wa vidole vitatu, kimekunjwa vizuri na kushikizwa kwa mkono.

Nikatoka nalo kibarazani. "Fundi gani anapoteza kitambaa namna hii?"

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Hicho ni cha kutanulia," akasema. "Utanenepa."

Naiogopa Jumanne kuliko ninavyoweza kuandika. Nimelivaa mbele yake, nikageuka, akatazama bega, akatazama kiuno, akachomoa pini moja iliyosahaulika.